Saa Moja ya Ng'ambo

Usiku wa sita bila usingizi
Ilpo alivuka daraja la Tornio mara kumi na moja.
Ng'ambo ni Uswidi, na saa za Uswidi
ziko nyuma ya zetu kwa saa moja kamili.
Kila akivuka, alisema, anaokota saa,
anaitia mfukoni, anarudi kuiweka akiba.
"Ninazo kumi na moja, Dada.
Zinatosha kumrudisha Baba."

Jua la Juni halizami huku.
Saa saba za usiku lilikaa juu ya mto
kama mgeni asiyejua kuaga.
Mama alipigilia blanketi dirishani kwa misumari;
mwanga ukapenya kwenye matundu ya misumari.

Nilipiga simu. Nikangoja mikanda, sindano, wanaume wanne.
Walikuja watatu kwa gari dogo la kijivu
wakavua viatu mlangoni:
Daktari Sirkka, soksi imetoboka kwenye kidole gumba;
Urho muuguzi, pandikizi la mtu, sauti ya kubembeleza paka;
na mwanafunzi aliyeogopa kuliko sisi.
Mama akachemsha kahawa.
Sirkka akauliza, "Nani angependa kuanza?"
kisha akanyamaza.
Kimya kile!
Friji ikanguruma, ikakoma, ikanguruma.

Ilpo akaeleza habari ya saa.
Hakuna aliyemwambia saa haziokotwi.
Urho akauliza,
"Ukimpata baba yako, mtazitumiaje zote kumi na moja?"
Ndugu yangu akafikiri.
"Atanifundisha kubadili tairi. Alianza, hakumaliza."
Mama akaweka birika chini, taratibu, kama yai.
Miaka miwili jina lile halikutajwa mezani pale.
Tulikuwa wafichao maradhi,
na kilio kimetufichua.

Kisha wale watatu wakageukiana,
wakatujadili mbele yetu, bila kunong'ona.
Sirkka: "Naogopa asipolala. Nafikiria kidonge cha usingizi,
cha leo tu. Kile kizito kingoje."
Urho: "Nami naogopa tukingoja sana."
Mwanafunzi, akiitazama kahawa yake:
"Wadini kuna kitanda. Ila hapa kuna mama."
Hapo nikapasuka. Nikasema habari za mjomba Tauno,
aliyefungiwa miaka kumi na tisa
akarudi mnene, mpole,
akitabasamu kwa kila kitu, hata mazikoni.
"Hilo nalo liwekwe mezani," akasema Sirkka.
Likawekwa,
kati ya sukari na maziwa.

Walirudi kesho yake. Na keshokutwa.
Siku ya tisa Ilpo alivunja kioo cha bafu,
na kidonge kizito kikaja hata hivyo,
kikaja baada ya yeye mwenyewe kuuliza
kitamnyang'anya nini.
Walimjibu: pengine unene. Pengine mikono itatetemeka.
Vyote viwili vikaja.
Oktoba alilala wadini wiki mbili,
nami nikamwona Sirkka kuwa mwongo,
nikamwandikia barua, sikuituma.
Januari wakapunguza dozi, tone kwa tone,
kama mtu anayeteremsha mzigo ngazini
akiuliza kila hatua, "Upo? Upo?"

Sijui ni kipi kilichomsaidia.
Nikiulizwa na wenye wagonjwa nasema: dawa, ndiyo;
na soksi iliyotoboka;
na mtu kuuliza habari ya tairi.
Wanataka jina la dawa. Nawaandikia.

Sasa hufanya kazi gereji, Jumanne na Alhamisi.
Mikono ikitetemeka, hungoja itulie,
kisha hukaza nati.

Jumapili tulitembea darajani, theluji ikilia chini ya viatu.
Katikati alisimama, akatazama saa yake,
akatazama ng'ambo.
Moyo ukanipanda kooni.
"Unachukua?" nikauliza.
"Moja tu," akasema.
"Ya kulala."