Riali za Upepo

Suwaiq, mwezi wa nane. Saa nane usiku
ndipo gari la zege linapokubali kuja,
barafu ndani yake ikigongana kama meno.
Mchana zege huganda kabla hujalitandaza.

Bi Ghanima yuko kitini, kanga juu ya abaya,
anahesabu kalibu zangu kwa kidole:
plastiki nyeusi, kila moja kuba ya miguu minne,
mguu unadandia mguu wa mwenziwe, to!
Shafiqul kazipanga kuanzia kushoto,
mishale yote ikitazama upande mmoja,
sasa anatembea juu yake bila viatu
na hazibonyei.
"Kama kasa," anasema bibi, "waliokuja kutaga
wakasahau njia ya kurudi.
Na humo chini mtatia nini?"

Hatutii.

"Mchanga?" Hapana. "Kifusi?"
Hapana, bibi. Upepo.
Akacheka mpaka kanga ikamporomoka.
"Riali elfu mbili na mia tatu, nalipia upepo!
Mimi, mzaliwa wa Wete!"

Nikamweleza nilivyoweza.
Pwani hii maji hayako mbali, chimba kimo cha goti unayakuta,
na yana chumvi.
Sakafu ikilalia udongo, udongo unainyonyesha,
chumvi inapanda ukutani polepole,
inavimbisha rangi, inatafuna plasta,
inachora ramani za nchi zisizokuwepo.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofunzwa.
Hapa hapana ufa wa kuziba.
Tuliokula chumvi nyingi ni sisi, yeye na mimi;
nyumba yake, chumvi ndiyo iliyoila.

Lililobaki sikumwambia.
Wiki tatu nyuma, tukivunja sakafu ya zamani,
penye mlango wa jiko kikatoka kipande
kikubwa kama sinia, kimeandikwa kwa msumari:
NASIBU 1986.
Mkono wangu. Ile S imegeukia nyuma.
Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka Ujiji
na jina la babu na Kiarabu cha kuomba maji tu.
Nililimwaga zege juu ya mchanga mbichi, bila hata nailoni chini,
nikaiona kazi nzuri, nikaitia sahihi.
Nilikilaza kifudifudi kwenye kifusi.
Asubuhi yake hakikuwepo.

Zege linashuka sasa. Halitulii juu,
linatafuta miguu, linaijaza mmoja mmoja mpaka chini,
na penye kila mguu inasimama nguzo
ambayo hakuna atakayeiona.
Wavu wa nondo unazama. Biju kashika kitetemeshi,
taya zake zinatetemeka nacho.
Mimi niko na mabomba: mawili kaskazini, chini chini,
mawili kusini, juu kidogo, yakabili jua,
ili hewa ya huko ipate moto, ipande,
ivute ya baridi nyuma yake.
Midomoni nimetia chandarua cha waya.
Panya nao wanapenda nyumba mpya.

Alfajiri Shafiqul akanipa msumari,
kona ya sakafu ikiwa bado laini.
Nikautia mfukoni.

Wa mwezi uliofuata, simu: njoo uone riali zangu.
Alikuwa amepiga magoti ukutani, jambo si dogo kwake,
pembe ya kanga kaisogeza kwenye bomba la kusini.
Tukangoja. Gari likapita barabarani.
Kisha kanga ikainuka,
kidogo, upana wa ukucha,
ikabaki imeinuka.

"Haya," akasema, akanipa mkono nimnyanyue.
Tulipozunguka nyuma nikakiona
mbele ya banda la kuku, kimewekwa kuwa ngazi,
kimefagiliwa, maandishi juu.
Nikasimama.
"Hicho kigumu," akasema bila kugeuka.
"Kuku wamekizoea.
Ingia ndani, kahawa inapoa."