Dodoso la Nne

Wa kwanza walikuja na kalamu za bure.
Tulijibu maswali thelathini na saba:
una kuku wangapi, wala mara ngapi,
paa lako makuti au bati.
Kalamu zilikauka kabla mwezi haujaandama.
Majibu yetu yalipanda boti kwenda Unguja,
na boti, sote Pemba twaijua,
hurudi na unga, hurudi na wageni wa harusi;
majibu haijayaleta.

Wa pili walipiga picha tuta lililobomoka.
Wa tatu waligawa fulana.
Mwanangu Shaame aliivaa yake kuchimbia choo
mpaka maandishi yakafutika, ikabaki fulana.

Wewe, Thuwaiba, ulikuwa wa nne.
Chuo, kwetu, ni mkeka wa ukili na bakora ya maalim;
chuo chenu kina lango, na lango lina mlinzi.
Ulishuka bonde la Kwamgogo na viatu vyeupe.
Tulicheka. Samahani, tulicheka sana.
Ukachovya kidude chako majini, ukasoma namba kwa sauti.
Bi Mkasi akachota maji yale yale kwa kiganja,
akaonja, akatema:
"Bamvua la juzi hili. Wiki ijayo yatapoa."
Namba uliiandika.
Maneno ya Mkasi hukuyaandika.

Ukaleta mbegu katika mfuko wa kaki.
Inastahimili chumvi, ulisema,
nasi tukakuamini kwa adabu yako tu,
maana uliomba ruhusa hata ya kukanyaga tuta.
Tukaatika. Tukapandikiza, migongo imepinda kama mundu.
Siku ya arubaini na tatu
bonde zima lilikuwa na rangi ya ukili mkavu,
na kaa wakitembea kati ya mistari yetu
kama warithi.

Tulijua hutarudi. Nani huirudia aibu?
Faki, mume wangu, alisema: "Ripoti itailaumu mvua."

Ukaja Alkhamisi, bila gari la chuo,
nyuma ya pikipiki ya muuza pweza,
na mwalimu wako kwa miguu, suruali kaikunja magotini.
Ukasimama mbele ya wanawake kumi na tisa:
"Nimekosea. Nilipima maji, sikupima siku."
Maneno matano.
Tangu nizaliwe sijayasikia
kwa mtu aliyevaa kitambulisho shingoni.

Usidhani Mkasi alilainika.
Aliuliza: pishi tisa za mbegu, nani mlipaji?
Zililetwa saba.
Mbili twadai bado; naziandika hapa
kwa kuwa mimi ndiye katibu na daftari lina panya.

Ndipo kazi ilipoanza, wala haikuwa na ngoma.
Ulimi upande huu wa karatasi, namba upande ule,
bamvua na maji mafu, miezi kumi na minne.
Mlango wa mbao katika tuta, uliofungwa na kamati
na kufunguliwa na watoto kwa utundu, ukafungwa tena.
Na ile Madevu, mbegu ya bibi yake Mkasi,
tuliyoambiwa zamani tuitupe,
ikatolewa mtungini, imejaa majivu, ingali hai.
Vipande kumi na kimoja vimezaa, kati ya thelathini.
Si neema. Si njaa.

Hati ilipoletwa kutiwa saini ilikuwa na kurasa sita.
Sisi tuliongeza mstari mmoja:
atakayekuja kuuliza, arudi kujibu.

Na juzi, uliona mwenyewe,
Mkasi kafika langoni na madumu manne.
Mlinzi: "Unamtafuta nani, bibi?"
"Wanafunzi wangu."
Mkajipanga na vikombe vyenu, mkaonja, mkatema.
Mvulana mmoja alimeza.
Mkasi akamngoja amalize kukohoa,
akamfutia kidevu kwa ncha ya kanga, akamwuliza:
"Haya. Leo mwezi ngapi?"