Somo la Ramani, Darasa la Nne

Chora mstari, niliwaambia, hiyo ndiyo barabara ya Chanika.
Hapo inapokata kona kwenye mashine ya kusaga ya Tosiri
ndipo Vigwembe inapoanza.
Inapoishia sijui vizuri.
Zamani iliishia pale mbwa wa jirani walipoacha kubweka.

Kaskazini weka kilima. Kiache cheupe,
maana chini ya nyasi ni udongo mweupe tupu,
ule waliokuwa wakiulamba bibi zenu walipokuwa waja wazito,
wakaufinyanga vibakuli. Vibakuli hivyo, wengine husema,
ndivyo vilivyotupa jina. Wengine hukataa:
Vigwembe alikuwa mtu, mdeni,
alikimbilia huku asidaiwe.
Andikeni yote mawili. Kwenye mtihani chagueni la kwanza.

Reli? Ipo, ila haikutujali.
Mjerumani aliipitisha nyuma ya kilima,
tukapata mlio bila kituo.
Babu yake Zomboko alibeba mataruma miezi saba,
na siku alipotaka kupanda treni hakuwa na nauli.

Upande wa machweo, mikorosho.
Ilipandwa kwa mistari mwaka ule tulipoambiwa
tusogeze nyumba, tukae pamoja.
Ndiyo maana nyumba za kwa Mwinyikondo zimenyooka kama gwaride
na visima viko mbali, kule tulikotoka.
Mama yangu aliendelea kuchota kwenye kisima cha zamani
hadi kufa kwake. Alisema
maji ya huku hayamjui.

Sasa mto.

Hapa nilisita, chaki mkononi.
Mto Mbezu unatoka kilimani, unapinda mara mbili,
unapita nyuma ya zahanati.
Nilipokuwa na umri wenu ulinifika kifuani mwezi wa nne,
tukivuka na madaftari kichwani.
Kisha yakaja matipa, alfajiri, taa zimewashwa,
na vijana wetu wakashuka na makoleo.
Sikuwaambia kwamba nilikuwa mmoja wao,
likizo mbili mfululizo.
Ada yangu ya chuo cha ualimu ilitoka mle,
koleo kwa koleo.

Zomboko aliyahesabu kwa mkaa ukutani kwake:
mistari minne, wa tano unalala juu yake.
Ukuta ulipojaa akaupaka chokaa, akaanza upya.
Mara ya tatu ukuta wenyewe ukaanguka.
Ukingo wa mto ulikuwa umeshafika chumbani.

Siku moja nilikwenda Kariakoo kununua kalamu za rangi.
Nikasimama kivulini mwa ghorofa jipya, zege bado halijapigwa plasta,
nikaona gamba la konokono limenasa kwenye nguzo,
jeusi, na mstari wa kahawia mgongoni.
Nililijua.
Nikaligusa. Mlinzi akaniuliza namtafuta nani.

Mwaka huohuo kijiji kikaitwa mtaa,
mwenyekiti akaletewa muhuri mpya.
Hatujasogea hata hatua moja,
lakini barua zetu sasa zinatukuta mjini.

"Mwalimu," aliuliza Sikujua Pazi, wa dawati la nyuma,
"mto tuuchore ulipokuwa au ulipokwenda?"
Darasa likacheka.
Chora unavyoona, nikasema,
jibu la mwalimu asiye na jibu.

Jioni nilisahihisha kwa taa ya simu.
Thelathini na wanane walichora mstari wa bluu nyuma ya zahanati,
kama nilivyouchora mimi ubaoni.
Yeye alichora tipa limeelekea mjini.
Bodi amelipaka bluu mpaka kalamu ikatoboa karatasi,
na nyuma ya matairi ameangusha nukta, nukta,
za maji, kuvuka barabara, kuvuka fremu ya ramani,
hadi ukingoni mwa ukurasa.

Nikampa tisa.
Moja niliizuia: hakuonyesha kaskazini.