Kikoba Changu

Wenzangu wa Makangale wana kikoba cha hisa,
sanduku la kufuli tatu na daftari la Jumamosi.
Mimi ninacho hiki: mfuko wa unga wa ngano,
nimeuosha, nimeutia kamba, nauvaa begani
hata nikienda kisimani. Wananicheka.
Bi Mize huuliza, "Leo wapi, Kazija? Makka?"
Nami nacheka. Siku ile sikuwa nacho.

Siku ile nilifuata kuni Ngezi.
Nilitoka njiani hatua kumi tu
kwa ajili ya tawi moja kavu la mvule.
Nikageuka, njia haipo.
Haikujificha. Haikuwapo,
kama jina la mtu unayemjua
linavyokutoka kinywani.

Nikafanya wanalofanya wote: nikakimbia.
Ndala moja ikabaki topeni.
Mpapindi uleule nikaupita mara tatu,
niliujua kwa kovu la panga,
mara ya nne nikaukumbatia, nikakaa.
Kaa. Sikufunzwa na mtu.
Aliyekaa hutafutika.
Anayekimbia huwakimbia hata wanaomtafuta.

Kiberiti kilikuwa kwenye pindo la kanga,
kimelowa jasho. Njiti kumi na nne
zikaparuza, zikamong'onyoka.
Ya kumi na tano ikashika,
nikaipa gogo zima,
kama mtu anayemlisha kichanga muhogo.
Ikafa.
Kinga na kinga ndipo moto uwakapo:
tangu utotoni nikidhani ni maneno ya harusini.
Kumbe ni ya moto.

Pemba hakuna baridi, watakwambia.
Nao walale chini wamelowa vuli, waone.
Nilijifunika makuti, nikatetemeka,
hadi nilipoyatandika chini yangu,
maana ardhi hukunyonya kuliko upepo.
Mvua nikaikinga kwa kanga,
nikaikamua mdomoni. Ilikuwa na ladha ya sabuni.
Juu popo wakigombana, wakiangusha matunda
waliyoyatafuna nusu. Njaa ikasema, okota.
Sikuokota. Njaa ya usiku mmoja haiui.

Alfajiri zikaja adhana mbili,
ya Konde na ya Makangale,
na msitu katikati ukizikoroga.
Nikafumba macho.
Moja safi, kama ya redioni.
Ya pili ikakwama kabla ya "Hayya", ikakohoa.
Maalim Shaame! Na kifua chake,
tunachomsihi kila mwaka akipeleke Wete!

Sikukimbia. Nililaza fimbo chini
ielekee kule kilikotoka kikohozi,
nikasubiri mwanga.
Kisha nikaenda, nikichana kanga vipande,
kimoja kila mti, ili nikikosea nijue pa kurudi.
Nilitokea nyuma ya skuli
nikiwa na ndala moja na kanga nusu,
watoto wakanikimbia.

Basi ndiyo haya yaliyomo:
njiti ndani ya chupa ya dawa, kifuniko kimezibwa kwa mshumaa.
Mpira wa baiskeli, nimeukata vipande,
huo huwaka hata ukilowa.
Chumvi, sukari, kanga ya rangi ya chungwa
inayoonekana toka mbali, mbaya kama ugomvi.
Na firimbi ya Hamad, aliyoacha uamuzi wa mpira
baada ya kupigwa mawe Micheweni.
Mara tatu, unyamaze, usikilize. Mara tatu tena.
Kubwa kuliko vyote halimo mfukoni:
siku ile hakuna niliyemwambia ninakwenda wapi.
Sasa namwambia Bi Mize, "Nisiporudi adhuhuri, piga kelele."
Hucheka. Lakini juzi alikuja jioni,
peke yake, akazungukazunguka uani,
mwisho akauliza firimbi zinauzwa wapi.

Maalim Shaame alikwenda Wete mwishowe.
Kifua kimepona, Alhamdulillahi.
Adhana yake sasa ni safi,
huwezi kuitofautisha na ya Konde.