Saa Moja ya Hewa

"Vua saa," ananiambia Nyemo. "Hereni pia. Simu acha huku.
Na kama umepaka mafuta, nenda kafute,
mafuta na hewa ya humu ndani havipatani."
Nimepaka. Nani anaishi Dodoma mwezi wa nane
bila kupaka mafuta? Upepo huu wa Ilazo
unachuna watu kama mchuna mbuzi mwenye haraka.

Nimefuta. Nimevikwa shuka la pamba, jeupe,
na sijapenda linavyonikumbusha.

Chemba yenyewe ni tangi la maji lililolazwa ubavu,
lina kidirisha cha ukubwa wa sahani.
Ndani godoro, na mto wenye harufu ya aliyenitangulia.
Elfu sabini kwa saa. Ya hewa.
Chilongani, mume wangu, nimemwambia elfu ishirini,
na hata hiyo alicheka mpaka akakaa chini.

Goti la kushoto ndilo lililonileta,
goti, na kilomita ishirini na moja za mwezi wa kumi,
na yule kijana wa ofisi ya ardhi
anayenipita kila alfajiri kona ya Mlimwa
akisema "Shikamoo mama"
bila hata kuhema.

Mlango umefungwa.
Kwanza mluzi mwembamba, kisha masikio yanajaa
kama basi linapoteremka Sekenke.
Dirishani Nyemo anashika koo lake: meza mate.
Nameza. Nameza tena. Mate yananiishia,
ndipo sikio moja linapasuka, ta, kama ganda la karanga,
na la pili linalifuata.

Halafu kimya.
Nimebanwa pande zote
wala hakuna anayenibana.

Ukutani kuna geji. Mshale unapanda,
moja nukta moja, nukta mbili, nukta tatu.
Naujua mshale huu.

Mpwapwa, wodi ya wanawake. Mtungi mmoja, vitanda viwili.
Muuguzi Sechelela anagonga geji kwa spana
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.
Mama dakika ishirini, bibi wa Kibakwe dakika ishirini,
barakoa ikienda na kurudi juu ya kiti nilichokalia,
juu ya magoti yangu, yote mawili mazima.
Zamu yake ilipokwisha, mama hakungoja kuambiwa.
Aliivua, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaisogeza.
"Vuta na wewe, dada."
Siku ile hakuimudu sentensi nyingine ndefu kuliko hiyo.

Mimi nina saa nzima.
Nikinyoosha mkono nagusa chuma.

Nilitaka kulia, nikapiga hesabu:
kila dakika elfu moja mia moja na ushee.
Nikavuta hewa badala yake. Nikavuta
kama mtu anayekunywa kwenye kisima cha jirani,
haraka, huku akitazama njia.
Kisha, sijui lini, nikalala usingizi
ambao sijalala tangu nipate watoto.

Nyemo akagonga kioo. Mluzi ukarudi kinyumenyume,
dunia ikaingia masikioni kidogo kidogo:
feni, bodaboda, mtu anauza zabibu kwa kelele.
"Unajisikiaje?"
"Vizuri," nikasema. Ukishalipa utasemaje?
"Wengi huanza kuona tofauti mara ya kumi," akasema.
Nikazidisha kumi kwa elfu sabini
nikiwa bado natafuta hereni.

Jumamosi, saa kumi na mbili kasoro, kona ya Mlimwa.
Goti lilikuwa goti lile lile.
Nikasikia viatu vyake nyuma yangu, vyepesi, vinakuja.
"Shikamoo mama."
"Marahaba," nikajibu, na kwa mara ya kwanza
pumzi ikabaki, nikashangaa nayo mdomoni,
nikaitumia yote:
"Na ufunge kamba ya kiatu, utaanguka."

Akasimama. Akainama.
Nikampita.

Upepo ulikuwa usoni, umejaa mchanga.
Nikameza mate, kwa mazoea.