Kulabu za Vikombe

Tulimjua kwa dohani yake ya manjano.
Kila Jumamosi ya Agosti alishuka mto Clyde,
magurudumu mawili ubavuni yakichapa maji,
amebeba wafumaji wa Paisley, watoto wao, vikapu vya mikate,
na mpiga fidla aliyelewa kabla ya gati la pili.
Nami, Euphan Lamont, nikimimina chai katika ukumbi wa chini,
shilingi mbili kwa siku, na aproni nafua mwenyewe.

Machi ya mwaka wa kumi na sita wakaja watu wenye kalamu.
Wakahesabu: vioo kumi na viwili, viti vya mahameli, piano moja.
Wakatia sahihi. Wakang'oa.
Kijivu kikammeza toka omo hadi tezi,
na jina lake, Malkia wa Kilbrannan, likawa namba.
Meli haiulizwi. Wala sisi hatukuulizwa.

"Kina chake kifupi," walisema, kama wamsifuo bibi harusi,
"atapita juu ya bomu bila kuliamsha."
Wakamfunga waya wa chuma
wakampeleka Bahari ya Kaskazini kufagia,
yeye na mwenzake, waya kati yao,
kama wanawake wawili wakung'utao shuka.

Dugald Macfie, mchochea makaa, aliniandikia mara moja tu:
Leo tumenasa manne. La tano limemnasa mwenzetu.
Tuliowaopoa tumewalaza juu ya meza zako za chai.
Kulabu za vikombe zingali ukutani. Tunatundika soksi.

Barua ile niliisoma nimesimama.

Akarudi mwaka wa ishirini, mweupe, dohani manjano.
Wafumaji wakapanda, pungufu.
Piano mpya haikukaa palipokaa ile ya zamani;
vishimo vitatu sakafuni vikabaki wazi,
nikivikwepa na sinia kana kwamba vina watu.
Mtoto mmoja akakwaruza ukuta kwa ukucha:
"Mama, ndani kuna rangi nyingine."
Akapigwa kofi la mkono.

Dugald hakushuka kunywa chai.
Kila alipopumzika alisimama omo, masizi usoni,
akitafuta majini kitu cheusi, cha mviringo.
Nikampelekea kikombe.
"Pale," alinong'ona, akanishika mkono hadi ukauma.
Kilikuwa kichwa cha sili.
Kilitutazama, kikapiga chafya, kikazama.
Hatukucheka.
Chai ilipoa. Nikaimwaga baharini,
nikarudi chini, wateja walikuwa wakigonga vijiko.