Ukurasa wa Themanini na Nane

Jumatano ya kwanza ya mwezi, duka likishafungwa,
tunakutana nyuma ya tanuri la Insa, mjini Leer,
watu saba, birika moja,
na riwaya ngumu kama mkate wa juzi.

Haikuandikwa kwa Kijerumani cha shule na gazeti.
Imeandikwa kwa lahaja ya matope na mitaro,
lahaja ya nyanda hizi zilizolala chini ya usawa wa bahari,
ambayo wengi wetu tuliisikia kupitia ukutani,
wazazi wakisemezana chumba cha pili
yale ambayo watoto hawakutakiwa kuyajua.

Insa anamimina chai juu ya sukari ya mawe. Sukari inalia: ta!
Malai inazama, inaibuka kama wingu.
Hapa chai haikorogwi. Nasi tulidhani
kitabu nacho kitanyweka hivyo, tabaka kwa tabaka,
uchungu katikati na utamu chini.

Kumbe.

Mwezi mzima tuliishia ukurasa wa kumi na moja.
Hauke, karani mstaafu wa forodha, alikuja na kalamu tatu za rangi,
akapiga mistari hadi kurasa zikafanana na bendera.
Wiebke alisema mwandishi anatukomoa tu.
Ruba, mfamasia, aliyejifunza Kijerumani ukubwani
baada ya kutoka Homs,
ndiye pekee asiyelalamika:
"Mimi kila kitabu cha hapa nilikianza hivi,"
akafungua ukurasa wa kumi na mbili.

Ni yeye aliyetufundisha kusoma kwa sauti.
Jicho likishindwa, alisema, liachie sikio.
Na kweli: neno lililolala karatasini kama samaki wa kwenye friji
likipita mdomoni linapiga mkia.
Herufi zile zile, na ghafla ni mlango,
ni ndoo, ni shangazi fulani aliyekuwa na kikohozi.

Tukasonga. Farasi akanunuliwa, akaugua,
tuta la kuzuia bahari likapasuka usiku wa arusi,
na ukurasa wa themanini na nane
tukakwama.

Neno la herufi sita.
Mjane anamwambia muuza farasi, mbele za watu,
na muuza farasi anavua kofia.
Hatukujua ametukanwa au ameposwa.
Kamusi ya Hauke, juzuu mbili, kimya.
Mchungaji Tammena aliapa ni chombo cha kukamulia.
Wiebke: ni ugonjwa wa kwato.
Chai ikapoa tukibishana, jambo ambalo mji huu ni karibu na dhambi.

Nikampigia mama, nyumba ya wazee, Emden.
Mwaka wa tisini na moja sasa.
Mwalimu alimchapa rula vidoleni kwa ajili ya lugha hii,
naye akaapa hakuna mtoto wake atakayechapwa,
akatulea kwa Kijerumani safi kama shuka za hoteli.

Nikamsomea sentensi.
Nikadhani simu imekatika.
Kisha kicheko, wala si kile cha Krismasi;
kicheko cha tumboni, cha msichana aliyejificha ghalani.

"Maana yake nini, mama?"
"Unalitamka kama mtu wa benki. Rudia."
Nikarudia.
"Tena."
Nikarudia.
"Sasa maana yake?"
"Hilo halina maana. Lina wakati wake."
Halafu, baada ya kukohoa:
"Na yule farasi, amepona?"

Tangu hapo kila jioni namsomea kurasa nne.
Najikwaa kama ng'ombe juu ya barafu.
Anacheka nisipoona mzaha.
Ananyamaza pale ambapo mimi
nimeona ndoo tu, imewekwa chini, kando ya kisima.
Juzi alimalizia sentensi kabla yangu. Alikosea.
Yake ilikuwa nzuri zaidi.

Jumatano waliniuliza: haya, lile neno?
Nikasema mama hakumbuki.
Hauke akaandika alama ya kuuliza, kwa kalamu nyekundu.
Ruba akanitazama kidogo, akaficha mdomo kwenye kikombe,
akafungua themanini na tisa.